Nisubiri paneli zishuke bei tena au ninunue sasa hivi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi nauza samaki na pweza huku Kilwa Kivinje, nina friza mbili na friji moja ya soda. Umeme upo ila kama siku kumi kwa mwezi unakatika mchana kutwa, hapo nawasha jenereta na inakula lita 4 za petroli kwa siku. Shemeji yangu yuko Abu Dhabi anasema kule umeme wa jua ni senti moja na kitu ya dola kwa yuniti na bado unashuka. Fundi hapa kanipigia hesabu ya milioni sita na nusu, nikashtuka. Nisubiri mwaka mmoja miwili bei ishuke? Na kama jua limekuwa rahisi hivyo mbona kwangu mimi ni mamilioni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri sana, manake umegusa vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku, bei ya paneli na bei ya umeme wa jua unaofika kwenye friza yako saa nane za usiku. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Shemeji yako hajakudanganya na kwa jumla uliyonitajia fundi wako naye haonekani kukuibia, ngoja nikueleze taratibu halafu tuje kwenye kusubiri.

Kwanza kuhusu paneli. Mwaka 1954 maabara ya Bell kule Marekani walitoa seli ya silikoni (kile kipande cha ndani ya paneli kinachotoa umeme) ya kwanza ya kutumika kweli, ilikuwa inageuza kama asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme, na ilikuwa ghali kiasi kwamba kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa angani, 1958 satelaiti ya Vanguard 1 ilipanda nazo. Katikati ya miaka ya 70 wati moja ya paneli ilikuwa bado inazidi dola 100 kwa thamani ya pesa ya leo. Mwaka 2024 kiwandani China wati moja ilikuwa inacheza kwenye senti 10. Sasa chukua paneli moja ya wati 550, hii kubwa unayoiona imepakiwa kwenye bodaboda za miguu mitatu, kwa bei ile ya zamani ungelipa dola 55,000 na kwa bei ya kiwandani ya 2024 ni dola 55. Mi niko kwenye kazi hii miaka mingi na hakuna kifaa kingine kwenye stoo yangu kilichoshuka namna hiyo, si waya, si bati, si hata taa.

Kwa nini imeshuka hivyo? Kwa sababu jua halichimbwi. Mafuta kadiri unavyoyatumia unafuata kisima kirefu zaidi, ila paneli ni kitu cha kiwandani, kadiri unavyotengeneza nyingi ndo unazidi kujua kutengeneza. Mhandisi mmoja wa ndege wa Marekani, Theodore Wright, aliliona jambo hilo kwenye viwanda vya ndege tangu 1936, na kwenye paneli imekuja kuonekana kwamba kila jumla ya paneli zilizotengenezwa duniani inapokuwa mara mbili, bei inaanguka kama asilimia 20 hivi. Fikiria seremala anayepasua mbao, ule unga wa mbao unaobaki chini ya msumeno. Zamani silikoni ilikuwa inakatwa hivyohivyo, vipande vinene na unga mwingi unapotea, na ule unga ni silikoni safi ya bei mbaya. Siku hizi wanakata kwa waya mwembamba wenye chembe za almasi, kipande kimepungua mpaka karibu nusu ya unene wa zamani, unga unaopotea ni kidogo, na kile kipande chembamba kinatoa umeme mwingi zaidi kuliko kile kinene, paneli nzuri za sasa zinafika asilimia 22 na zaidi. Ongeza na Ujerumani waliopitisha sheria mwaka 2000 ya kumhakikishia mwenye paneli bei nzuri ya umeme kwa miaka 20, soko likapatikana, Wachina wakajenga viwanda vya kulisha soko hilo, na sasa zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya kutengeneza paneli iko China.

Matokeo yake unayaona. Dunia ilifikisha terawati ya kwanza ya sola, yaani megawati milioni moja, mwaka 2022, ya pili ikafika 2024, yaani kilichochukua karibu miaka 70 kimerudiwa ndani ya miaka miwili na kitu. Pakistani ndo mfano ninaopenda kuwapa watu kwa sababu haikuwa mradi wa serikali. Bei ya gridi iliwapanda sana, wenye maduka, wakulima wenye pampu na watu wa majumbani wakaanza kununua paneli wenyewe, mwaka 2024 peke yake ziliingia za kama gigawati 17, yaani megawati 17,000. Bwawa letu la Nyerere hapo Rufiji jirani na nyie ni megawati 2,115, kwa hiyo ni kama mabwawa nane kwa uwezo ulioandikwa kwenye kibao, ingawa bwawa linazalisha na usiku na jua halizalishi, kwa hiyo usilinganishe yuniti kwa yuniti.

Sasa ya shemeji. Ni kweli, mradi wa Al Dhafra huko Abu Dhabi, gigawati 2, kwenye zabuni ya 2020 ulipata bei ya senti 1.35 za dola kwa yuniti. Tukichukua dola moja kwa 2,600 ili hesabu iwe nyepesi, ni kama shilingi 35. Lakini angalia kilichomo kwenye hiyo 35. Ni uwanja wa jangwa usio na mnazi hata mmoja, paneli zinanunuliwa kwa mamilioni, mkopo wa riba ndogo kwa sababu mnunuzi wa umeme anaaminika, na umeme unaingizwa gridini palepale unapozaliwa, hakuna betri. Wewe unataka jua la saa sita mchana ligandishe pweza saa nane usiku, na unalipa kwa pesa ya mfukoni au mkopo wa mtaani.

Basi tupige hesabu yako. Tuseme paneli ya wati 550 unaipata kwa laki mbili na nusu. Kwa jua la pwani, nikikata siku za masika na joto na vumbi, naipa yuniti 2 kwa siku, na hapo sijaivimbisha. Kwa mwaka ni yuniti 730, kwa miaka 20 ukitoa uchakavu weka 14,000. Gawa. Ni kama shilingi 18 kwa yuniti. Umeona? Kwenye paneli yenyewe hata wewe wa Kivinje uko chini ya Abu Dhabi. Luku ya matumizi ya biashara kama yako ni 292, ukiweka VAT na makato mengine inafika kama 356. Kwa hiyo mchana jua likiwa linawaka, hakuna umeme wowote mjini kwenu unaoikaribia paneli kwa bei.

Ila usiku habari inageuka. Chukua betri ya maji au ya jeli ya ampia 200, volti 12, tuseme laki sita. Ndani yake kuna yuniti 2.4 ila ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo ni 1.2, na kwa kazi ya kila siku kwenye joto la pwani mi naihesabia miaka miwili, mizunguko 700. Jumla ni yuniti 840. Laki sita gawa kwa 840 ni shilingi 714 kwa kila yuniti iliyolala kwenye betri, mara mbili ya luku! Hiyo ndo sababu watu wengi miaka ya nyuma walisema sola ni ghali na hawakukosea, paneli ilikuwa inalaumiwa kwa kosa la betri. Sasa chukua lithiamu ya yuniti 5, ile aina ya fosfeti isiyo na mambo ya kuwaka ovyo, tuseme milioni tatu. Unaitumia yuniti 4 kila siku kwa miaka kumi, ni 14,600, inakuja kama 205. Ongeza paneli na sehemu ya inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uweze kuwasha friza, unajikuta unaikaribia luku hata kwa umeme wa usiku. Hilo halikuwepo miaka kumi iliyopita. Pakiti za lithiamu duniani mwaka 2010 zilizidi dola 1,000 kwa kila yuniti moja ya kuhifadhi, 2024 wastani umekuwa 115, na kilichozishusha ni magari ya umeme.

Na jenereta je? Lita 4 kwa 3,000 ni elfu 12 kwa siku. Friza zako mbili kwa joto la huko na zinavyofunguliwa na wateja nazipa yuniti 2 kila moja, friji ya soda moja, taa na simu na feni zijazie, jumla 6. Elfu 12 kwa yuniti 6 ni shilingi 2,000 kwa yuniti. Elfu mbili mdogo wangu. Hapo sijaweka oili, plagi, wala siku iliyokataa kuwaka pweza wakaharibika.

Kwa hiyo nisubiri au nisisubiri, jibu liko hapohapo. Siku kumi kwa mwezi jenereta inakula 120,000, kwa mwaka 1,440,000. Zile siku ishirini nyingine unanunua luku kama yuniti 120 kwa mwezi, mwaka mzima inakuja kama laki tano na kidogo. Jumla kwa mwaka unachoma karibu 1,950,000. Mfumo wa milioni sita na nusu unajilipa ndani ya miaka mitatu na miezi kadhaa, wakati lithiamu ina miaka kumi na paneli zina ishirini na zaidi. Sasa fanya kama umesubiri mwaka na paneli zikashuka tena asilimia 20, ambayo ni kushuka kukubwa. Unahitaji paneli nne, milioni moja, kwa hiyo umeokoa laki mbili. Kuiokoa hiyo laki mbili umechoma petroli ya milioni moja na laki nne.

Afu mi siamini kama zitashuka hivyo. Mwaka 2024 viwanda vikubwa vya China vilikuwa vinauza kwa hasara kwa sababu vimejengwa vingi kuliko soko, na mwishoni mwa mwaka huohuo serikali yao ikapunguza marejesho ya kodi kwa paneli zinazouzwa nje, kutoka asilimia 13 hadi 9. Bei ya hasara haikai. Tuliona pia 2021 na 2022 silikoni ilipoadimika paneli zikapanda bei dunia nzima, waliokuwa wanasubiri wakanunua kwa bei ya juu. Halafu kuna mambo ya kodi hapa kwetu Afrika Mashariki, Kenya 2020 walirudisha VAT kwenye vifaa vya sola na mwaka uliofuata wakaiondoa tena, mabadiliko ya miezi kama hiyo yanasogeza bei ya dukani kuliko utafiti wa miaka mitatu. Dola nayo ikipanda imekula punguzo lote.

Kitu ambacho ningekubali usubirie ni betri, manake hiyo bado ina safari ya kushuka. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, paneli nunua sasa na zitoshe, nne au hata tano, betri nunua moja tu ndogo ya yuniti 5, na inveta iwe ile ya volti 48 inayokubali luku, sola na betri kwa pamoja na yenye nafasi ya kuongeza betri ya pili ya aina ileile baadaye. Watu wengi wanafanya kinyume, wanabana paneli wanarundika betri, wanarithi mazoea ya zamani wakati paneli ndo ilikuwa dhahabu. Siku ya mawingu betri kubwa yenye paneli chache haijai kabisa, inakaa na njaa mpaka inakufa.

Na wewe una bahati ambayo mwenye saluni au mwenye stationari hana. Friza yenyewe ni betri! Jaza chupa za maji za lita moja na nusu chini na pembeni, zisijae sana zisije zikapasuka, mchana jua likiwa kali weka kitufe cha baridi kwenye namba ya juu zigande ziwe mawe, ikifika jioni rudisha namba ya chini. Usiku motor inaamka mara chache sana kwa sababu barafu inashikilia baridi. Nina mteja wa dagaa aliyenipigia simu kuniuliza kwa nini asubuhi betri yake iko asilimia 70 wakati mwanzo ilikuwa inaamka na 30, hakuwa amebadilisha kitu zaidi ya zile chupa. Kila yuniti unayoigandisha mchana inakugharimu ile shilingi 18 na kitu, kila unayoitoa kwenye betri inakugharimu mia mbili na kitu, kwa hiyo hamishia kazi mchana kadiri unavyoweza, hata pampu ya maji, hata pasi ya nyumbani kwako.

Niseme na upande wa pili pia. Kama ungekuwa nyumba ya kawaida yenye taa na tv, uko kwenye ile tarifa ya D1 ya shilingi 100 mpaka yuniti 75 kwa mwezi, na umeme wako haukatiki, ningekwambia achana na betri kabisa pesa hiyo kafanyie kitu kingine. Hata wewe jenereta ikiondoka kwenye hesabu, ukawa unalinganisha na luku tupu, mfumo unajilipa kwa miaka minane, sio mitatu. Na ukiuchukua kwa mkopo wa riba kubwa unaweza usijilipe. Ile mifumo ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, iliyoanza kuenea Kenya na kampuni ya M-KOPA kupitia M-Pesa tangu 2012, imewasaidia watu wengi kuondoka kwenye kibatari, ila jumlisha malipo yote mpaka la mwisho kabla hujasaini, usiangalie ya kila siku peke yake.

Sasa usije ukapoteza faida yote hii juu ya bati. Mwaka juzi mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kisiwani Mafia aliniita, paneli sita mpya hazitoi hata nusu. Nikapanda saa nne asubuhi, nikakuta kivuli cha kuti moja la mnazi kimelala kwenye pembe ya paneli moja tu, upana wa kama viganja viwili. Nikaweka klampu mita kwenye waya inasoma ampia 3. Nikamwambia kijana alivute lile kuti kwa kamba, namba ikapanda mpaka 9 palepale, akaliachia ikarudi 3. Yule mama alikuwa anaangalia mita na mi nikiwa juu ya ngazi, hakusema neno, akaenda kuita mkwezi. Seli zimeungwa kama shanga kwenye uzi mmoja, moja ukiibana umebana uzi wote, kuna diodi, yaani vijia vya pembeni vya kuupitisha umeme, ila kontrola ya bei poa, kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli, haijui kuzitumia vizuri. Huko Kivinje minazi ni mingi, kaangalie kivuli asubuhi na jioni kabla fundi hajatoboa bati.

Zielekee kaskazini, ziinuke nyuzi 10 hadi 15 mvua ipate kuziosha, na ziwe juu ya bati kwa nafasi ya kiganja hewa ipite, kwa sababu paneli ikichemka sana inapoteza hata asilimia 12 au 13. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, upepo wa chumvi wa hapo hauna huruma, na uzioshe kwa maji baridi ya kawaida ambayo si ya bahari, alfajiri kabla hazijapata moto.

Ukienda dukani beba futi. Paneli ya kweli ya sasa hivi inatoa kama wati 200 hadi 230 kwa mita moja ya mraba, hata iliyo bora kabisa haizidi hapo sana. Ile ya 550 ina urefu wa kama mita 2.28 na upana 1.13, na ina kama kilo 28, watu wawili ndo wanainyanyua vizuri. Ukikuta imeandikwa wati 300 halafu ina sentimita 120 kwa 54, pima mwenyewe, hiyo hata ikijitahidi vipi haifiki 150, na stika yoyote inaweza kuandikwa chochote.

Na fundi wako mwombe akutenganishie ile milioni sita na nusu mstari kwa mstari, paneli peke yake, betri peke yake, inveta, fremu na waya na bureka na kazi yake. Kwa makadirio yangu paneli nne zisizidi milioni moja, betri tatu, inveta moja na nusu, yaliyobaki moja. Kama kaweka betri za jeli nne badala ya lithiamu moja, mrudishie karatasi aipige upya. Muulize pia inveta yake inahimili friza mbili zikiwaka kwa mpigo, manake motor ya friza ikishtuka inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni kwake, na asikubali kukujibu kwa mdomo, awashe zote mbele yako siku ya kukabidhi ndipo ummalizie pesa yake.